Siri Ambayo Kaltumu Hakuwa Nayo

Kaltumu alizaliwa nyuma ya soko la Gisenyi, katika nyumba ya Waislamu ambako watu waliamkiana kwa Kiswahili, wakasengenyana kwa Kinyarwanda, na watoto wakichapwa shuleni walichapwa kwa Kifaransa. Kiingereza alikipata ukubwani, mwaka wa tisini na nne, wakati mashirika ya misaada yalipofurika mpakani yakimtafuta mtu yeyote wa kuyafasiria. Alikuwa na sikio jepesi. Neno likipita mara moja mbele yake, lilikaa.

Baba yao alifariki yeye akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Aliyemlea ni kaka yake mkubwa, Sulaiman, ambaye alimwita yaya, kama wadogo wote wa mji ule wanavyomwita mkubwa wao. Sulaiman aliacha shule akaenda kubeba magunia mpakani ili mdogo wake asome. Jambo hilo hakuwa na tabia ya kulitaja, wala halikuhitaji kutajwa. Miaka ikaenda, akaacha kubeba magunia, akafungua duka la mabati na saruji, akanenepa, akaheshimika msikitini. Na mume wa Kaltumu, aliyekuwa dereva wa lori, alipopotelea njia ya Kisangani katika vita vya Zaire, Sulaiman ndiye aliyekuja na gari kuchukua vyombo vya mdogo wake na kumrudisha nyumbani.

"Chumba chako iko," alimwambia. "Sikupatia mutu."

Kaltumu alilia siku ile, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu wa namna hiyo.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vya waasi vilipotulia huku kaskazini-magharibi na magari yakaanza kupita bila kusindikizwa na askari, alifika Gisenyi mtafiti mmoja aliyeitwa Connie. Alikuwa mama wa Kanada, nywele zake fupi zimeingia mvi, pua imebabuka kwa jua. Alitafuta mkalimani, akaelekezwa kwa Kaltumu. Tangu mwezi wa sita wakawa wanatoka pamoja kila asubuhi kwenda ziwani, kwa boti ya injini ya Phocas, kijana wa Nyamyumba, kijiji cha ghubani, aliyelijua Ziwa Kivu tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kushusha bomba refu mpaka chini kabisa, kulizamisha katika tope, kisha kulivuta. Tope likitoka linanuka mayai yaliyooza. Connie alilipasua bomba kwa urefu, akalikwangua tope kwa kisu, na ndani mkaonekana mistari, mmoja juu ya mwingine, kahawia, mweusi, kijivu. Siku moja akamwonyesha Kaltumu mstari mwembamba wenye rangi ya maziwa.

"Chini ya mstari huu kuna maganda ya vijimea vya maji vya aina moja," alisema kwa Kifaransa chake kilichokwaruza. "Juu yake ni aina nyingine kabisa. Hapa katikati kuna jambo lilitokea."

"Jambo gani?"

Connie akakaa kwenye ukingo wa boti, akamweleza tangu mwanzo. Kazi yake ya miaka mingi haikuwa Kivu. Ilikuwa kupima mawe ya zamani mno kutoka China, mawe ambayo hapo kale yalikuwa tope la bahari. Chini yamejaa makombe. Ukipanda kidogo, karibu yote yametoweka, na sehemu kubwa ya uhai wa dunia imetoweka nayo. Palepale yanapotoweka, kaboni iliyomo ndani ya jiwe inabadilika.

"Kaboni iko ya namna mbili, nyepesi na nzito," alisema. "Mimea hupenda ile nyepesi. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa, kwa hiyo yamejaa nyepesi. Sasa, wakati ule ule makombe yanapokufa, kule Siberia ardhi ilipasuka, ikamwaga moto juu ya nchi pana ajabu, na moto ule ukachoma makaa yaliyokuwa chini. Hewa ikachafuka, bahari ikapata joto, ikakosa pumzi. Na alama ya kaboni nyepesi ikabaki kwenye jiwe."

"Kwa hiyo volkano ndiyo iliyoua."

"Nadhani hivyo. Lakini kukutwa mahali pamoja si ushahidi wa kuua. Ndiyo maana napima tena na tena. Napima salfa, napima metali, napima umri wa majivu. Vipimo vyote vikisema jambo moja, ndipo nathubutu kuinua sauti kidogo."

Kivu alikuja kwa sababu hapa volkano bado inapumua chini ya maji. Gesi inapanda kutoka ardhini na kujikusanya kilindini, ambako hakuna samaki anayeweza kuishi. Kile alichokikisia katika mawe, hapa angeweza kukigusa kwa mkono. Mstari ule wa maziwa labda ulikuwa alama ya siku ambayo ziwa liligeuka, maji ya chini yakaja juu, viumbe vikafa.

"Labda," alirudia. "Na ni maelfu ya miaka iliyopita. Leo gesi iko chini, imetulia, bado iko mbali na kujaa. Ukiwaambia watu, waambie na hilo."

Kaltumu alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka kwa furaha ya kujua. Wakati wa chakula akamhadithia kaka yake yote, China, Siberia, makombe, mstari wa maziwa. Sulaiman alisikiliza vizuri kuliko alivyowahi kusikiliza kitu chochote cha shule. Alimwongezea nyama.

"Na watu ya kule Nyamyumba wanajua hii?" aliuliza.

"Bado. Wanauliza tunafanya nini ziwani. Wengine wanasema tunatia sumu."

"Basi muwaelezee. Mi nitakupeleka na gari."

Akampeleka kweli. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa, na konseye, kiongozi wa pale, akawakusanya karibu na vichanja vya kukaushia sambaza, vidagaa vya ziwa lile. Kaltumu alisimama akaeleza kwa Kinyarwanda. Hakuwatajia kaboni, alianza na mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini upande wa Goma na kujificha mabondeni, ambao kila mtu pale alijua unaua mbuzi na hata mtu akilala kwenye shimo. Akasema, hewa kama ile iko chini ya ziwa, nyingi. Akasema inawezekana kale sana iliwahi kupanda. Akasema pia, na akarudia, kwamba vipimo vya sasa vinaonyesha ziwa limetulia, na kwamba hakuna mtu duniani, mweusi wala mweupe, anayejua siku wala mwaka.

Watu wakauliza maswali mazuri. Mukakalisa, mama muuza sambaza ambaye wote walimwita Mama Mucyo, akauliza kama chemchemi za maji moto za pale Nyamyumba nazo zitapasuka. Kaltumu akacheka, akamwambia aendelee kumwogesha humo mama yake mgonjwa wa magoti. Wakatawanyika kwa amani. Sulaiman alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, akimtazama mdogo wake kama mtu anayemwonea fahari.

Mwezi wa tisa Connie akafunga mabomba yake ya tope akaondoka, kwa ahadi ya kurudi majibu yakitoka maabara. Kaltumu akaanza kufundisha Kifaransa watoto wa jirani. Siku moja sokoni Mukakalisa akamvuta pembeni, nyuma ya beseni la sambaza.

"Dada Kaltumu. Na ile ingine?"

"Ile gani?"

"Ile hukusema siku ile."

"Mama Mucyo, nilisema yote. Hakuna ingine."

Mukakalisa alimtazama muda mrefu, macho yamejaa maji. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimeelewa," alisema. "Imana ikurinde."

Kaltumu akadhani anashukuriwa. Akamrudishia baraka, akanunua sambaza, akaenda zake.

Mwezi wa kumi na moja Phocas alimpitia. Kuna sanduku la vipimo Connie aliliacha kwa konseye, likatakiwa kupelekwa Kigali, na bila mtu wa kusoma maandishi yake halingeondoka. Wakashuka kwa miguu njia ya ziwani. Walipokaribia ghuba, Kaltumu akasimama. Nyumba ya Mukakalisa haikuwa na paa. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa imebaki msingi tu, na migomba imekatwa. Juu ya yote kulikuwa kumetandazwa kamba za mafundi wa kupima, na lori lilikuwa likishusha saruji. Kaltumu alilijua lile lori. Alikuwa akilisikia likiwaka uani kila alfajiri.

"Phocas. Watu wako wapi?"

Phocas akachezea mchanga kwa kidole cha mguu.

"Wamehama, dada. Wengine walienda Mudende, wengine kwa ndugu yao Kibuye. Waliuza."

"Waliuza kwa nini?"

"Dada, we unaniuliza mimi? Juu ya ile maneno yako."

"Maneno gani?"

Hapo Phocas akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na kidogo kidogo akaanza kuona kwamba mama huyu hajui. Akamweleza huku ameinamisha kichwa. Baada ya ule mkutano Sulaiman alirudi peke yake, mara nyingi, jioni watu wakiwa nyumbani. Hakuhubiri, hakupiga kelele. Aliingia nyumba kwa nyumba, akakaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake halali. Wazungu wamempa tarehe. Ziwa litapasuka kabla mwaka huu haujaisha, kama lilivyopasuka kale, na ushahidi uko ndani ya tope. Lakini wamemwapisha asiseme, wamemtishia, na ndiyo maana mbele ya watu alisema ziwa limetulia. "Mukimuuliza atakataa," aliwaambia. "Atakataa huku moyo wake inalia. Musimusumbue." Kisha, kwa huruma, akasema yeye ana moyo wa kujaribu bahati, anaweza kuwanunulia kiwanja ili wasiondoke mikono mitupu.

"Na we uliamini?" Kaltumu aliuliza. "We ulikuwa ndani ya boti!"

"Nilikuwa ndani ya boti, lakini nyinyi mulisema Kifaransa," Phocas akajibu. "Nilikuona siku moja ulishika kichwa, ukasema ayiwe. Ningejua nini?"

Kaltumu akakaa chini, palepale kwenye mchanga. Akaukumbuka mkono wa Mukakalisa. Kila alipokana, alikuwa amethibitisha. Ukweli wake wenyewe ulikuwa umefungwa mlango kwa nje, na aliyefunga alikuwa mtu aliyempa chumba.

Sanduku hakulichukua siku ile. Alipanda mjini moja kwa moja mpaka dukani. Sulaiman alikuwa nyuma ya meza, anahesabu mabati na mteja. Alipomwona uso, akamwomba mteja asubiri nje.

"Yaya, nani alikwambia nimepewa tarehe?"

Sulaiman hakushtuka. Hilo ndilo lililomuumiza Kaltumu kuliko yote baadaye, kwamba hakushtuka.

"Keti," alisema.

"Siketi."

"Bon. Sikiliza basi. Vita imeisha. Watu ya Kigali watakuja hapa kupumuzika, watataka nyumba ya kulala pembeni ya maji. Ile ghuba ni muzuri. Ningengoja, ingechukuliwa na mutu mwenye nguvu kuliko mi, na wale wangefukuzwa bure. Mi niliwapatia kitu."

"Uliwapatia uongo kwa jina langu."

"Uongo gani? Si we mwenyewe ulisema ziwa iliwahi kuua?"

"Nilisema maelfu ya miaka! Nilisema limetulia! Nilisimama mbele yao, na we ulikuwa nyuma unanitazama!"

"Na kesho ikipasuka? We unajua haitapasuka?"

Kaltumu akanyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua, na Connie mwenyewe alimfundisha kutosema asichojua. Sulaiman akaona ule ukimya, akaushika kama mfanyabiashara anavyoshika bei.

"Unaona. Hata we hujui. Donc sikudanganya. Na ile nyumba, nani atakaa mapokezi pale, kuongea na wageni lugha zote? Ni we. Hii yote nafanya ni yetu." Akalainisha sauti. "Kaltumu. Nilibeba magunia."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kuyataja magunia yale kwa namna hiyo. Kaltumu alihisi kitu kinang'oka ndani yake, polepole, pamoja na mizizi. Hata wema wa zamani, aliokuwa amejifunika nao maisha yake yote, sasa ulikuwa umeletwa mezani kama bidhaa.

"Ungeniomba ngozi yangu ningekupa," alisema. "Lakini hukuniomba. Uliniiba ulimi."

Akatoka. Mteja aliyekuwa nje akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Alikwenda kwa konseye. Konseye alimkaribisha kwa heshima, akamwambia watu waliuza kwa hiari yao, mashahidi wapo, vidole gumba vimebonyezwa kwenye karatasi, na yeye hana la kufanya. Jumapili iliyofuata Kaltumu akasimama tena mbele ya watu waliobaki Nyamyumba, safari hii peke yake, akawaambia waziwazi kwamba kaka yake amewadanganya. Watu walimsikiliza kwa huruma. Alipomaliza, bibi mmoja mzee akamkaribia akampangusa vumbi begani.

"Tunajua umeapishwa, mwanangu," akamnong'oneza. "Usijitie hatarini juu yetu."

Usiku huo hakula. Kesho yake asubuhi akafunga nguo zake, akachukua godoro na sufuria mbili, akampa Phocas abebe. Mke wa Sulaiman alimfuata mpaka mlangoni akimsihi, lakini hakugeuka. Alikodi chumba kimoja Nyamyumba, kwenye nyumba iliyo karibu na maji kuliko zote, mahali ambapo usiku mawimbi yanasikika kama yako chini ya kitanda. Maneno yake hayakuwa na thamani tena pale, basi akawawekea mwili wake. Mtu anayejua siku ya ziwa kupasuka haleti godoro lake ukingoni.

Mwanzoni watu walipita wakimchungulia. Wakamwona anafua, anachota maji, anapika. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mwezi wa kumi na mbili, wakamwona anafunga, na jua likizama anafuturu peke yake kizingitini, uso ameuelekeza ziwani. Jirani zake, Wakristo wote, wakaanza kumletea viazi vitamu vya moto. Familia mbili zilizokuwa zimekwisha kuafikiana na Sulaiman zikarudisha neno, zikakataa kuuza. Baada ya hapo hakuna mwingine aliyeuza. Waliokwisha kuuza walikuwa wamekwisha kuuza.

Kabla ya mwaka kwisha alipanda Mudende kumtafuta Mukakalisa. Alimkuta katika shamba la viazi la shemeji yake, amevaa koti la kiume, baridi imempasua midomo. Mucyo, mwanawe, alikuwa amepata kazi ya kuchunga ng'ombe wa watu. Mukakalisa alimkaribisha ndani, akawasha moto, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nakuamini," alisema.

Kaltumu akaanza kulia. Mukakalisa hakumnyamazisha.

"Nakuamini, dada. Lakini kuamini haina paa. Mama yangu alikufa hapa mwezi jana. Huku hakuna maji ya moto ya magoti." Akachochea moto. "We ulisema kweli, na mi nikafanya ujanja, nikajisema, huyu anaficha. Kaka yako alitujua. Alijua mutu maskini anaamini siri kuliko tangazo."

Wakati wa kuondoka alimfungia viazi kwenye kitambaa, kama mtu anavyomfungia mgeni yeyote. Hakumsindikiza mpaka barabarani.

Mwaka mpya ukaingia. Ziwa likalala kama lilivyolala. Siku chache baadaye ikaandama Idi, na mchana, baada ya swala, Sulaiman akaja Nyamyumba amevaa kanzu nyeupe, sinia la pilau mkononi, limefunikwa. Alisimama nje ya kizingiti. Kaltumu alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mboga, hakuinuka.

"Idi mubarak, mdogo wangu."

"Idi mubarak."

"Mwaka imeingia. Unaona, hakuna kitu ilipasuka. Hakuna mutu alikufa. Hata we, hukuumia popote."

Kaltumu aliinua macho akamtazama, mtu yule yule, mabega yale yale, kovu lile lile la utosini alilokuwa akilishika akiwa mtoto amebebwa mgongoni. Alitafuta hasira hakuiona. Aliona uchovu tu, na aibu, kama kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa.

"Watu wa Connie wanatafuta miaka na miaka kujua kilichoua," alisema. "Wanaogopa kutaja jina bila ushahidi. Mi sikuwa na kazi hiyo. We mwenyewe uliniambia ni we, na hukuona haya."

"Kaltumu, mi ni ndugu yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana waliamini."

Sulaiman akaweka sinia juu ya jiwe, akaondoka. Watoto wa jirani wakalizunguka lile sinia wakimtazama Kaltumu, wakingoja ruhusa. Akawaambia wale. Yeye hakuonja.

Nyumba ya ghubani ilikwisha kujengwa kabla ya msimu wa mvua, na kweli wageni wa Kigali wakaanza kuja mwisho wa juma. Kaltumu alipata kazi ya kufundisha katika shule ya msingi ya pale, akabaki katika chumba kile kile. Watu wa Nyamyumba walimheshimu, wakamtuma kusoma karatasi za serikali na dawa za hospitali, na kila baada ya kuwasomea, akawa na desturi mpya: aliwaomba wamrudie maneno yote kwa midomo yao wenyewe, mpaka ahakikishe hakuna lililopotea njiani. Wengine waliona ni usumbufu. Hakuwaeleza sababu. Lori la Sulaiman lilipita mbele ya shule mara kwa mara likipeleka vinywaji ghubani, na yeye mwenyewe akiwemo humo mbele alipiga honi mara moja, kwa upole, kama salamu. Watoto darasani waligeuza vichwa dirishani. Kaltumu aliendelea kuandika ubaoni.